Maji ya Mlangoni

Petrich, 16 Aprili 2000

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na bibi Evanthia unayemtunza naye hajambo, ingawa afya yake, kusema kweli, hainikoseshi usingizi. Sisi huku tu wazima. Shangazi Mitra anakusalimu sana. Goti lake humsumbua kila mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua imegoma kuondoka.

Muhula wa mwisho umeanza, na shule imegeuka nyumba ya arusi. Hakuna anayesoma. Wavulana wa darasa letu wanahesabu kwa kelele moja mpaka kumi na mbili, darasa kwa darasa, kama wanaomaliza shule wanavyofanya miaka yote, ila hawa hawajui pa kuanzia wala pa kukoma. Jana walimhesabia mkuu wa shule akiwa chooni. Alitoka akiwa mwekundu mpaka masikioni, akajifanya hakusikia. Ijumaa tuliwafunga walimu mpira wa wavu. Madam Rangelova, mwalimu wetu wa darasa, alicheza na viatu vya kisigino na bado akatutoa jasho. Mtihani wa fasihi unakuja, nasi tunajadili magauni.

Sasa sikiliza. Madam Rangelova amenichagua mimi. Tarehe 24 Mei, baada ya maandamano ya sikukuu ya herufi, kabla kengele ya mwisho haijapigwa, mimi ndiye nitakayesimama kwenye ngazi za shule na kuwashukuru wazazi kwa niaba ya wote tunaomaliza. Walinipigia makofi. Kisha Ivelina akauliza mbele ya darasa zima, "Nevena, sasa wewe utamshukuru nani?" Wakacheka. Nikasema mama yangu anakuja. Nimeshasema, mama, na maneno hayo siwezi kuyameza.

Kwa hiyo njoo. Uisikie hotuba, ukae mpaka Jumamosi ya dansi yetu ya kuagana, unimwagie maji mlangoni kwa mkono wako kabla sijatoka, maisha yangu yaende kama maji. Kila msichana wa darasa letu atamwagiwa na mama yake. Ile ndoo ndogo ya shaba nimeshaisugua kwa majivu na siki, inang'aa. Mkono wa mtu mwingine siutaki.

Mwanao akupendaye,
Nevena

Thesaloniki, 25 Aprili 2000

Mwanangu Nevena,

Marahaba. Nami ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika, lakini huo ulianza kulalamika kabla hujazaliwa. Pasaka inakaribia. Nimempakia dereva wetu Slavcho mayai mekundu kwenye basi lake, naye kaapa hatayala njiani. Yahesabu.

Barua yako niliisoma jikoni, nikairudia, mpaka maharage yakaungua na bibi Evanthia akaniuliza kama Wabulgaria wote hula makaa. Nimejivuna mno. Nimemwambia yeye, nimemwambia muuza mkate, nimemwambia hata padri, ambaye hakuniuliza.

Kuhusu kuja, mwanangu, hali unaijua. Viza yangu ilikwisha mwaka ule ule niliofika huku. Siku nitakayovuka kurudi nyumbani watanigongea muhuri pale mpakani, na mlango huu utafungwa miaka mitano. Halafu utasomeshwa Sofia na nani? Kiwanda cha nguo kimeota majani. Sitaki kukuahidi kitu nisichokiweza, kwa hiyo nakwambia mapema, ulie mapema, umalize.

Ila gauni la dansi nitakushonea mimi, si fundi mwingine. Kiwanda walikifunga, mikono yangu hawakuifunga. Nimepata kitambaa cha buluu, ile ya jioni, kinaanguka vizuri. Mwambie wifi yangu Mitra akupime mabega, kifua, kiuno na urefu, unitumie upesi. Slavcho atalileta na kulitundika getini kama anavyofanya na mizigo yote.

Wako,
Mama

Petrich, 3 Mei 2000

Mama,

Sisi wazima. Mayai yalifika, moja limepasuka.

Vipimo sitatuma. Ulikuwa unanishonea kila kitu kwa kunitazama tu, nikiwa mezani nakula, wala sikumbuki kuona tepu shingoni mwako. Mama anayemjua mwanawe hahitaji tepu. Kadiria.

Mama yake Ivelina amerudi kutoka Kuprosi. Naye alikuwa na sababu zake, tena nzuri kuliko zako, kwa sababu yuko na mwanamume huko. Amerudi hata hivyo. Yuko na wasichana wa darasa letu kila siku getini pa shule, kavaa miwani ya jua, anagawa chokoleti. Nami nikipita wananiuliza wako anakuja lini, wako anakuja lini. Nawaambia wangu yuko njiani. Wanatazamana.

Tunafanya mazoezi ya maandamano kila mchana. Bendi ya tarumbeta inapiga kama ng'ombe wanaochinjwa, na Madam Rangelova anatembea pembeni akituambia tunyooshe migongo. Wasichana wa darasa la tisa ndio watakaosuka shada la maua ya bozhuri la kuzungushia picha za watakatifu waliotupa herufi. Hotuba nimeandika nusu. Nusu ya pili itategemea wewe.

Nevena

Thesaloniki, 10 Mei 2000

Mwanangu mkaidi,

Hujambo? Nauliza mimi, maana barua yako haikuwa na salamu hata ya kusingizia. Hata bili ya umeme huanza na "Ndugu mteja".

Ningeweza kumwandikia wifi akupime kwa siri. Sikumwandikia. Ukaidi huo unadhani uliuokota wapi? Nimeshindwa kumwomba mtu mwingine vipimo vya mtoto niliyemzaa mwenyewe. Mitra ana kila kitu chako sasa, usiku na mchana wako ni wake, na hilo namshukuru. Lakini hili nilitaka liwe langu.

Basi nilifumba macho, nikakuona stesheni siku ile naondoka, na lile koti lako la njano. Nilikukumbatia, kichwa chako kikanifikia kidevuni. Hapo ndipo nilipoanzia. Nimeongeza mabegani, nimeongeza na urefu, maana najua watoto hukua. Nimeshona kwa mkono, bibi Evanthia akinishikia taa na kunisimulia dansi zake za zamani, zote za uongo. Gauni limetoka zuri, Nevena. Sijawahi kushona jingine kama hili.

Livae, upige picha, unitumie. Na hotuba uiseme polepole, wewe ukiogopa unakimbiza maneno.

Mama yako

Petrich, 15 Mei 2000

Mama,

Gauni limefika. Halipiti mabegani.

Shangazi alivuta, nami nikavuta, mpaka mshono ukaanza kulia. Akalivua taratibu, akalitandaza kitandani, akasema kitambaa kizuri na kazi safi, ila ni gauni la mtoto. Hakusema kwa ubaya. Alitoka akaenda kumenya viazi, nami nikabaki nalitazama.

Nimekupita kimo, mama. Hukuwahi kufikiria hilo? Leo nikikukumbatia, wewe ndiye utakayenifikia kidevuni. Umemshonea yule msichana uliyemwacha stesheni. Mimi hapa sina gauni.

Hotuba nimeimaliza. Usijisumbue kujibu.

Nevena

Petrich, 28 Mei 2000

Mama,

Natumai u mzima. Hukujibu, na mimi ndiye niliyekuambia usijibu, kwa hiyo siwezi kulalamika. Ninaandika kwa sababu shangazi amesema mtu akipewa kitu hushukuru.

Kitambaa ulichotuma kilifika. Tulikikuta kimetundikwa getini jioni ya tarehe 24, kwenye mfuko ule ule wa plastiki anaoutumia Slavcho. Tulidhani ni mabaki tu, kumbe ni vipande vya kuongezea ubavuni na mabegani, vimekatwa tayari na kutiwa alama za chaki. Shangazi aliviingiza kwa siku moja, na gauni likanikaa kama ngozi. Nilimgombeza kwa kukutumia vipimo kwa siri. Ameapa kwa kaburi la baba kwamba hakutuma. Yeye haapi ovyo, lakini sioni vinginevyo ungewezaje. Basi asante. Nililivaa, na Ivelina mwenyewe aliomba kuligusa.

Hotuba ilikwenda vizuri. Najua utasikia kwa watu, bora usikie kwangu. Niliwashukuru wazazi wa wote, kama nilivyoagizwa. Kisha nikaiweka karatasi chini, nikasema, "Nanyi mnaoniuliza kila siku, mama yangu yuko hapa. Mama, njoo mbele." Uwanja mzima ukageuka kutafuta. Nikamwita shangazi Mitra. Alikuja akichechemea, nikampa maua, nikasema mama ni yule anayekuona ukikua. Watu walilia. Madam Rangelova alijifanya anafuta miwani. Nilifurahi sana, mama. Nilikuwa nimekusudia kukuumiza, hata kama hukuwepo, na nilifurahi. Furaha yenyewe haikufika jioni.

Jumamosi shangazi alinimwagia maji mlangoni. Aliyamwaga yote kwa mkupuo, akalowesha viatu vyangu. Kabla sijavuka nilitazama barabarani kuelekea stendi. Sijui kwa nini. Hapakuwa na mtu, ila majirani na mbwa wao.

Nitafanya mtihani wa fasihi wiki ijayo.

Nevena

Sandanski, 9 Juni 2000

Nevena,

Salamu. Usishangae mahali nilipoandikia. Slavcho ameniletea barua yako hapa, na nimembana asikuambie lolote mpaka mimi nikuambie. Nafua mashuka ya hoteli moja. Kutoka kwako ni mwendo usiotimia saa moja kwa basi.

Barua yako ya gauni ilipofika sikulala. Asubuhi nilikunja mabaki ya kitambaa, nikachukua mkasi na chaki, nikamuaga bibi Evanthia. Alilia, akaniita mjinga, akanipa limau za njiani. Mpakani waligonga muhuri. Sikuutazama hata. Nilikuwa nawaza kwamba nina siku tatu za kulirekebisha lile gauni, na kwamba maji nitakumwagia mwenyewe.

Nilifika shuleni maandamano yakiwa yanaingia uwanjani. Nilisimama nje ya uzio, karibu na lango dogo, nyuma ya mwanamume mnene aliyembeba mtoto mabegani. Nilikuona ukipanda ngazi. Ulisimama mkono mmoja nyuma, kama marehemu baba yako. Ndiyo, umenipita. Nikakupima pale pale kwa macho, mabega, kifua, ubavu, nikawa nakata kichwani. Mitra hakunitumia vipimo. Mwombe radhi.

Halafu ukasema mama yangu yuko hapa. Nilidhani umeniona. Ukasema njoo mbele. Nilikwisha kulisukuma lango, Nevena. Yule mwanamume akageuka, akaniona ninavyolia, akanipisha. Akaniambia, "Pita, mama, unaitwa."

Nilipiga hatua mbili hivi ndani. Ndipo nikamwona wifi yangu anachechemea kuelekea kwako.

Simlaumu yeye. Ndiye aliyeamka nawe usiku wa homa zako, na maua yale ni haki yake. Wala uliyosema si uongo. Lakini sitakwambia halikuniuma ili wewe upate nafuu. Liliniuma, na linaniuma hata sasa ninapoandika. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikwenda kituo cha basi, nikakata vile vipande juu ya benchi, maana dansi ilikuwa bado na sikutaka uende bila gauni. Nikavitundika getini mkiwa bado shuleni. Basi la kwanza kuondoka lilikuwa la Sandanski, nikapanda.

Ugiriki sirudi tena. Jumatatu naondoka na wanawake wawili kwenda Italia, kuna dereva wa lori anayejua njia. Anwani sina. Nikipata kazi nitatuma cha masomo kwa mkono wa mtu. Nenda Sofia, usome. Na ukija kumshonea mtoto wako, mshono uuache mpana kwa ndani.

Zdravka

Sandanski, 18 Juni 2000

Shikamoo, mama.

Basi la Slavcho liliharibika, barua yako nimeipata jana. Leo nimekuja na basi la kwanza, nimevaa lile gauni, watu wote wananishangaa. Shangazi alitaka kuja, goti likamkatalia. Amesema nikuambie yale maua aliyakausha, ni yako, hajawahi kuyaona kuwa yake.

Nilikuwa nimebeba ndoo ya shaba na ua jekundu la dirishani kwetu. Nilijiambia pengine lori limechelewa, hapa kila kitu huchelewa. Mwanamke uliyekuwa ukifua naye ameniambia mmeondoka Jumatatu kabla hakujapambazuka, na kwamba ulikuwa umekunja mashuka yote usimwachie kazi.

Nikayamwaga maji hata hivyo, pale mlangoni pa chumba cha kufulia. Alinitazama mpaka nikamaliza. Akasema, "Binti, maji humwagwa kabla mtu hajatoka. Sasa umenilowesha sakafu tu." Akanipa tambara. Nimepiga magoti na gauni lako, nimepangusa mpaka pakakauka.

Fasihi nimepata sita, alama ya juu kabisa. Mada ya insha sikuambii.

Barua hii naiandika kwenye benchi nje ya hoteli. Slavcho yuko hapa, basi lake limepona, anasubiri abiria. Nimemwomba akufikishie. Ameigeuzageuza, kisha ameniuliza aitundike geti gani.

Mwanao,
Nevena