Nyuzi Tisini na Saba

Jumanne, baada ya Isha

Nimeipata mwenyewe! Sikusaidiwa na mtu.

Na jana nilikuwa nimemwambia binti yangu Rukia kwamba naliacha darasa la watu wazima, maana hesabu za dira zimenishinda na vijana wananicheka. Akanijibu, "Mama, nenda kesho tu, kisha uache."

Leo Mwalimu Swaleh ameandika ubaoni: mashua imetoka gatini ikishika nyuzi sitini kutoka kaskazini, ikaenda kilomita nane, kisha ikageukia nyuzi mia na hamsini kwa kilomita sita. Sasa iko umbali gani na gati, na upande gani?

Nikachora. Kwenye kona pakatokea pembe mraba, kwa hivyo umbali ni kilomita kumi. Tanjenti ikanipa karibu nyuzi thelathini na saba.

"Thelathini na saba!" wenzangu wakapiga kelele.

Hapo ndipo ninapokosea siku zote. Leo nikakumbuka kwamba dira huhesabiwa kutoka kaskazini, nikaongeza zile sitini.

"Tisini na saba," nikasema.

"Bi Zuhura, hebu njoo utuoneshe," mwalimu akaniambia.

Nikaenda. Buibui likajaa vumbi la chaki, na hakuna aliyecheka.

Aljebra bado naiogopa, sitajidanganya. Lakini kabla ya kutoka nilimwomba mwalimu aniandikishe mtihani.

Rukia hakuamini. "Umeandikwa kweli, Mama?"

Kweli. Kwa jina langu kamili.