Malengelenge ya Ukingo Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Milango kumi na minane ya makabati imetoka kwenye oveni na malengelenge. Tena! Uso wa ubao safi, unateleza kama sahani. Aibu iko ukingoni — vipele mstari mzima. Rangi yetu ni ya unga: inapulizwa, inanata, inayeyukia motoni. MDF, ubao wa milango hii, nayo ni unga wa mbao na gundi tu. Hakuna tone la maji hapo, sasa malengelenge yanatoka wapi?

Bosi kauliza kosa liko wapi. Nami, msimamizi mzima, nikajibu haraka haraka: labda kingo hazisuguliwi vizuri. Anayesugua ni mmoja tu, Msasa. Tumemwita hivyo mpaka jina lake halisi tumelisahau. Nilitaja kazi, sikutaja mtu. Najidanganya.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Bosi kasema mzigo wa Ijumaa ukiharibika, Msasa aende zake. Miaka tisa! Ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuja hapa sijui hili wala lile. Nimemwambia asugue upya. Hakubisha. Kasugua mpaka vidole vikachubuka, kisha akaniuliza taratibu, "Sawa hivyo, dada?" Nikasema sawa.

Nimepunguza moto. Nimefungua katoni mpya ya rangi. Yaleyale. Ila nimeona kitu — kila mlango una ukingo mmoja tu mbovu. Zile tatu nyingine, safi kabisa. Mtu anayelipua kazi angelipua popote.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Jioni nimedeki jikoni. Mimi na maji, wacha tu. Mama mkwe kainua miguu juu ya kiti, akasema kwa nyumba hii itabidi ajifunze kuogelea uzeeni. Halafu akanionyesha kabati. Limefura kwa chini, ubao umefumuka kama mkate kwenye chai.

"Mwanangu, hili nalo unalinywesha kila siku."

Nikacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Karakana! Kila asubuhi namwagia sakafu maji, vumbi lisiruke likanasa kwenye rangi. Nilijisifia hilo mpaka kwa bosi. Na milango tunaiegemeza ukutani, ukingo mmoja chini, umekaa palepale kwenye majimaji. Unanyonya. Ikifika kwenye oveni, unyevu unatafuta pa kutokea na kuitoboa rangi.

Ni mimi. Si Msasa. Ni mimi na ndoo yangu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Sikumwaga maji. Vumbi nimelivuta kwa mashine. Nimetoa stoo milango sita ambayo haijawahi kugusa sakafu ile, nikailaza juu ya vipande vya mbao. Kipima unyevu kinasoma sawa kingo zote. Msasa akaisugua, kama kawaida yake. Kabla ya kuondoka aliitazama sakafu kavu. Akaitazama milango ilivyoinuliwa. Akaning'iniza aproni yake, akaniaga vizuri tu.

Nilitaka kumwambia. Nimejiambia kesho.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Sita imetoka safi. Kingo zote nne! Nimepitisha kidole mlango mmoja mmoja, machozi yakanilenga. Bosi kashuka mwenyewe kutazama. Kafurahi. Akampiga Msasa begani, akasema kumbe akitishwa kidogo anaweza. Halafu akamuuliza amebadilisha nini.

Msasa alinitazama. Hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

"Mimi nimesugua vilevile, bosi. Muulize dada."

Bosi akanigeukia. Nikasema ngoja nilete daftari la kazi. Daftari lenyewe liko mezani pale pale mbele yao, wote wawili wanaliona. Nimejifungia stoo, naandikia juu ya katoni ya rangi.

Nikinyamaza, Msasa atabaki kazini lakini atabaki mvivu aliyetishwa. Nikisema, usimamizi huenda ukaenda. Bosi ananiita mara ya pili. Sauti ya Msasa inamwambia asubiri, dada anakuja.

Ndoo iko hapa miguuni, kavu. Nimeishika. Natoka nayo.