Alama za Neno Uvivu

Jumatatu, 4 Agosti
Kusahihisha tena. Insha za historia, darasa la kumi, chai imeshapoa. Swali: kwa nini makoloni ya kwanza ya Waingereza kule Amerika, Virginia na yale ya kaskazini, yalizaa jamii tofauti? Mwongozo wa shule unatoa alama kwa maneno mawili. Kaskazini bidii, kusini uvivu. Kinyaa. Waliovunjika migongo kwenye mashamba ya tumbaku kule kusini walikuwa watumwa, si mabwana.

Jumanne, 5 Agosti
Insha ya Divine, binti wa Kirundi, baba yake ni mlinzi wa duka hapa Yeoville, mtaa wetu wa wahamiaji. Hakutaja uvivu. Kaandika kwamba Virginia walikwenda zaidi vijana wa kiume, wakitaka utajiri wa haraka. Homa zikawafyeka. Tumbaku ikataka ardhi kubwa na mikono mingi: kwanza vibarua wa mkataba, kisha Waafrika walionunuliwa. Kaskazini walikwenda na wake, watoto na kanisa lao, kwenye baridi na mawe, wakajenga vijiji. Na huko pia watumwa walikuwepo. Nimempa alama zote. Akifeli historia anapoteza ufadhili wa ada, na baba yake hana pa kushika.

Alhamisi, 7 Agosti
Sisi walimu tunasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mkuu wa idara anapitia kwa kijani, na kijani ndiyo inayohesabika. Mkuu huyo, Bwana Kariuki, kamfelisha Divine kwa kukosa neno uvivu. Nikamfuata ofisini.
“Mwalimu Rehema, mwongozo ni mwongozo. Arudie Jumatatu,” akasema. “Na mimi na wewe hapa ni wageni. Usijitafutie balaa.”
Mkenya mzima, mtu mweusi, analitetea neno lile huku anachovya biskuti kwenye chai. Ptuu.

Jumamosi, 9 Agosti
Saluni. Mama Fifi, Mkongo anayenisuka, kaanza: “Wenyeji wa hapa wavivu, mwalimu, ndiyo maana hawaendelei.” Nikamwambia asuke, aache maneno. Kumbe hata sisi tunalo mdomoni.

Jumatatu, 11 Agosti
Divine kanisubiri mlangoni kabla ya mtihani. Anasikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Akauliza aandike nini. Nikamwambia aandike uvivu. Akasema si kweli. Nikasema najua, andika.

Jumatano, 13 Agosti
Kafaulu. Mwandiko umenyooka, hakuna kilichofutwa. Watu wa kusini walikuwa wavivu. Nimeweka alama ya vema kwa nyekundu, Kariuki kaweka ya kijani. Ufadhili umebaki. Baba yake kanipigia simu kushukuru, kaniita mzazi mwenzake. Sikujua pa kuweka uso.

Alhamisi, 14 Agosti
Baridi. Kipindi cha kwanza. Nimewauliza ile ardhi ilikuwa ya nani kabla Waingereza hawajafika. Divine anajua jibu. Hakuinua mkono.