Mstari wa Shingo ya Neema

Jumapili, Februari 2019
Carrollton

Mvua ya barafu imekuwa ikigonga madirisha tangu alfajiri. Ibada yetu ya Kiswahili imeahirishwa, maana hakuna mwenye akili timamu atakayeendesha gari kutoka huku mpaka Mansfield juu ya barabara zinazoteleza hivi. Mbingu ya Texas leo ina rangi ya maji yaliyooshea masufuria.

Nina jambo la kukiri, na kwa hali yangu si busara kuahirisha.

Wiki chache zilizopita niliandika humu bloguni kwamba nimepumzika kuchora kwa sababu ya baridi, kwamba vidole vimekufa ganzi. Wengi mlinipa pole. Mmoja wenu akanishauri nivichue kwa mafuta ya karafuu. Asanteni sana. Vidole vyangu ni vizima.

Niliwadanganya.

Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue hivi: mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, mjane, na moyo wangu umechoka. Naishi na Neema, mwanangu wa pekee, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Mwaka jana daktari wa moyo alinieleza hali yangu kwa upole mno, upole ule ambao mtu huonyeshwa pale dawa zinapokaribia kushindwa kazi. Tulipotoka pale nilimwomba Neema anipitishe dukani. Alidhani nataka matunda. Nilinunua karatasi na penseli.

Nilikuwa sijachora tangu baba yake Neema afariki. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu: vikombe vimeegama, kiti kina miguu kama ya ndama aliyezaliwa jana. Nikajiwekea sharti dogo la ukurasa mmoja kila asubuhi, mzuri au mbaya, kabla ya chai ya pili. Siku ambazo sikuwa na hamu nilichora kifuniko cha chupa ya dawa. Niligundua kwamba hamu haitangulii. Mkono ndio unatangulia, na hamu inaufuata nyuma kama mtoto aliyenuna.

Kufika Oktoba mkono ulikuwa umerudi, nami nikaanza kuchora watu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Dominiko, Mrundi wa kanisani kwetu, aliyekuwa akifunga maboksi ghalani hata baada ya nywele kuwa nyeupe zote. Alikuja kuchorwa amevaa suti. Nilipokuwa nafuata mstari wa shavu lake niliona limeingia ndani kuliko nilivyotarajia, na ngozi ya paji la uso imevutika juu ya mfupa. Nilichora hivyo hivyo. Hakufika Krismasi. Familia yake haikuwa na picha nyingine nzuri zaidi ya ile ya kitambulisho cha kazini, amevaa kizibao cha kung'aa, kwa hiyo mchoro wangu ndio uliowekwa kando ya jeneza.

Basi maneno yakaanza. Ukiwa na penseli kwenye chai ya baada ya ibada, watu wanahama meza.

"Shosho, hiyo kitu ielekeze huko!" alinipigia kelele dereva mmoja wa malori, Mkenya, mandazi mkononi. "Mimi bado hata sijaoa."

"Una miaka hamsini na hujaoa," mama mmoja akamjibu. "Hata kifo hakina haraka na wewe."

Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka. Lakini njiani kurudi nilitazama nje tu mpaka Neema akaniuliza kama kifua kinabana. Penseli haikumuua Mzee Dominiko. Ila iliona kabla yetu.

Neema alikuwa ameketi kwangu mara ya kwanza mwezi Novemba. Saa nzuri kwetu ni asubuhi akirudi kazini: anakunywa uji mezani, mwanga wa dirisha unampiga upande wa kushoto, na uchovu unamfanya atulie. Mchoro ule ulikuwa mzuri. Nilifurahi kama msichana.

Januari nikamchora tena, kiti kilekile, upande uleule.

Nilianza na sikio, nikashuka na taya, nikaingia shingoni. Mstari ukakataa kunyooka. Chini ya kikoromeo, pale unapopaswa kuteremka hadi kwenye mtulinga, ulijitokeza nje kidogo kisha ukarudi ndani. Nilidhani mkono umetetemeka. Nikatazama tena. Akameza uji, na ile sehemu ikapanda na kushuka pamoja na koo.

Lazima niwaeleze jinsi nilivyokuwa nafundisha. Kwenye vipindi vya vitendo penseli inachongwa vizuri, mstari ni mmoja usiokatika, na kivuli hakipakwi. Unachora ulichowekewa mbele yako. Kuna mwaka niliwapa wanafunzi panzi aliyepoteza mguu mmoja. Nusu ya darasa walichora miguu sita kwa sababu kitabuni ni sita. Wote niliwapa sifuri, na walinichukia muhula mzima.

Asubuhi ile ya Januari mimi nilichora mguu wa sita.

Nilichukua raba nikafuta shingo ya mwanangu, nikafungua mchoro wa Novemba, nikanakili shingo ya zamani. Neema akauona, akasema, "Mama, umenifanya mrembo," akaenda kulala. Tangu siku hiyo sikushika penseli. Nilijua nikiishika itaniambia tena.

Najua mtauliza kwa nini. Mimi na Neema tumeshapanga kila kitu. Tumepanga nani atanivisha, kitenge gani, nizikwe wapi, nani ampigie shangazi yake Tanga. Katika mipango yote hiyo yeye ndiye anayebaki. Sikuwa na nguvu ya kupanga upya. Nikajiambia labda ni uchovu, ni chumvi, ni namna alivyoinamisha kichwa. Na kuna mawazo mabaya zaidi, ambayo nayaandika kwa sababu nimeahidi kukiri: nilitumaini nitakuwa nimekufa kabla jambo hilo halijasemwa.

Leo asubuhi amerudi akitambaa na gari kwenye barafu, ameingia akivua viatu, akasema sauti imemkauka. Imekauka kweli, kama ya mtu aliyekesha msibani. Nikainuka, nikachonga penseli.

"Kumbe vidole vimepona?" akasema. "Haya, nichore. Ila ukinichora nimelala, tutagombana."

Nilichora bila kuinua mkono. Sasa uvimbe haukuhitaji macho ya mwalimu. Nilipomaliza nikamsogezea karatasi mezani.

Alicheka. "Mama, mbona umenipa rovu?"

Mimi sikucheka.

Akaacha kucheka. Akaweka vidole viwili shingoni, kama anavyowafanyia wagonjwa wake, akameza mate. Vidole vikasimama. Akameza tena.

"Lete zile nyingine."

Nikazileta. Mchoro wa Januari aliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Raba huondoa alama ya penseli lakini haiondoi mkwaruzo. Alipitisha ukucha pale shingoni, taratibu.

"Hapa ulifuta."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo tangu Januari unajua."

"Tangu Januari."

"Mimi wagonjwa wangu nawageuza usiku kucha kutafuta kidonda cha ukubwa wa dengu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe umenipikia uji, Mama. Kila siku. Umenitazama nikimeza."

 

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia akiongea na mwenzake wa kazini kwa Kiingereza, kwa ile sauti tulivu anayotumia kueleza habari za watu wengine: ukubwa, upande, muda. Kwenye muda alisita, kisha akataja miezi kwa kufuata michoro yangu.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakunikumbatia. Alivuta kiti chake, akakirudisha palepale kilipokuwa.

"Wiki hii nitaonana na daktari. Mpaka siku hiyo utanichora kila asubuhi. Mwanga huuhuu. Nitampelekea zote." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na usinibembeleze kwa mstari."

Nimemwahidi.

Jioni imeingia na barafu bado inaanguka. Sijui uvimbe ule ni wa aina gani. Nimefundisha vya kutosha kujua kwamba mwingine ni wa heri, na mwingine siyo.

Kwa miezi mingi sasa nimekuwa nikilala bila kumwomba Mungu aniamshe. Nilikuwa namwachia Yeye, na nilidhani huo ndio utulivu wa uzeeni.

Leo nitamwomba.