Kwa Maurine Awuor, Aliyejua Kuwauliza Wagonjwa

Ni mwaka mzima sasa, Awuor mwanangu, tangu ulale usiamke, na mimi mama yako bado najiuliza: ulijuaje?

Kazi yako ya kuwatembelea wagonjwa wa presha na sukari hapa mtaani Mowlem tuliifahamu. Ulibisha hodi, ukakaa kwenye kistuli, ukanywa chai yao. Waliokuita daktari uliwaambia, "Daktari yuko kliniki. Mimi ni jirani mwenye maswali."

Lakini hata wengine waliuliza, wakadanganywa. Mzee Nzivo, dereva wa lori, aliulizwa kliniki, "Dawa unameza?" Akajibu, "Nameza." Presha ikazidi kupanda, wakawa karibu kumwongezea dawa. Mkewe Kaluki hakuwa na raha, maana shemeji yake alishapooza upande mmoja kwa ugonjwa huo huo.

Wewe hukumuuliza kama anameza. Ulimuuliza, "Mzee, ukiwa barabarani, choo unapata wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo akasema siku za kazi hamezi, kwa sababu kidonge kile kinamlazimu kusimamisha lori kila mara akojoe. Na yule nesi wa kliniki ni wa umri wa mjukuu wake, angemwambiaje?

Jioni hiyo ulinitegea.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Anaingia kidogo, anatoka ndoo nzima."

Nilishindwa, na ni mimi niliyekufundisha vitendawili. Nikakupa mji, Kisumu yote, ndipo ukasema ni kidonge cha presha. Jina la mgonjwa hukulitaja. Mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia kwenye matanga yako, watu wakacheka huku wanalia.

Ulimsindikiza kliniki, akaeleza, wakambadilishia dawa. Ukamkanya asiache kumeza wala asibadilishe kitu kabla ya kuwauliza. Presha ikashuka.

Jumamosi tunakuja nyumbani Ugenya kuliona kaburi lako, na Mzee Nzivo ameomba atuendeshe. Alipokuja kuomba alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Awuor, bila yeye, hii kumbukumbu ingekuwa yangu."

Nilimuuliza tu kama amemeza dawa ya leo.

"Nimemeza, Mama."

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako Rispa, mume wako Sylvance, kaka yako Odera, na watoto wako Selpher na Sydney, ambao siku hizi wananichosha kwa maswali. Hatutakusahau, Awuor, siku zote za maisha yetu.