Amplifaya ya Mheshimiwa: Maelezo ya Shangazi wa Mpiga Besi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa ndani ya jalada. Kazini anaitwa Nyuzi Nne.
Umri: miaka 46.
Kazi: mpiga gitaa la besi, fundi wa kushona makava ya vyombo vya muziki.
Makazi: nyumba za nyuma ya stendi, mlango wa tatu.
Uhusiano na majeruhi: shangazi yake.

Mimi ndiye niliyeelezwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa hasira ninayo na afisa anayeandika ameiona. Ameniambia nikae kwenye niliyoyaona na niliyoyasikia. Nitajitahidi.

Majeruhi ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka ishirini na mitatu. Nimemlea tangu akiwa darasa la pili, na besi nimemfundisha mwenyewe, mimi nikiwa kwenye cherehani na yeye akiwa sakafuni na gitaa lililomzidi urefu. Watu wanamwita Kimya kwa kuwa haongei sana. Mimi ananiongelesha, tena ananitania, ila hilo si la kuandikwa hapa. Afisa ameshaliandika.

Mapema mwaka huu Kimya alipata nafasi kwenye bendi inayofanyia mazoezi ghorofani, juu ya ghala la magodoro. Kiongozi wa bendi hiyo wanamwita Mheshimiwa. Hakuna aliyempigia kura. Alijiita mwenyewe, na wenzake wakaona ni nafuu kumwitikia.

Mnamo tarehe tatu mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, majira ya saa nne asubuhi, tulikwenda watatu kwenye duka la vyombo vya muziki vilivyotumika: mimi, Kimya na Mheshimiwa. Bendi ilikuwa inamnunulia mpiga besi wake amplifaya na pedali za kukanyaga kwa mguu. Kimya aliniomba niende kwa sababu nina namna yangu ya kuchagua, na yeye ameirithi. Unamwambia mwenye duka awashe mashine, kisha unaipa mgongo. Usiitazame kabisa. Unapiga noti moja, ya chini kuliko zote, unaiacha mpaka iishe yenyewe, na unasikiliza inavyokufa. Mashine mbaya noti inakufa ikikoroma. Taa na mapambo ya mbele havikusaidii kitu ukiwa umegeuka.

Kimya aligeukia ukuta akajaribu mashine nne. Akachagua ndogo moja nyeusi, isiyo na sura, iliyokwanguka pembeni. Noti yake ilitoka ya mviringo na ikaisha taratibu bila mkwaruzo. Kwenye pedali alichukua mbili: ya kutyuni, na ile ya kubana sauti, ambayo inaifanya noti uliyoipiga kwa nguvu na uliyoipiga kwa upole zitembee pamoja. Alitamani na ya tatu, ile ya kukwaruza sauti mpaka besi ingurume kama gari bovu. Nikamwambia ajifunze kwanza kusikika safi. Akasema, “Shangazi, wewe ukiachiwa utaivalisha besi sare za shule.” Mwenye duka alicheka sana. Mimi pia.

Muda wote huo Mheshimiwa hakuwa amegeuka. Alikuwa amesimama mbele ya amplifaya kubwa ya zamani, inayomfika kifuani, yenye kingo za kung'aa na taa ya buluu mbele. Alikuwa anajitazama kwenye bati lake. Alimpa mwenye duka simu ampige picha akiwa ameiegemea. Kimya alipoijaribu, ilitoa mngurumo hata kabla hajagusa nyuzi, na noti yake ilikuwa ya matope. Nilimwambia Mheshimiwa hivyo hivyo. Alinijibu, “Dada, watu wanakuja kutuona.” Nikamwambia kwamba wanakuja na masikio pia. Akanitazama kama mtu anayetazama inzi kwenye kikombe chake, akaagiza kubwa ipakiwe. Kimya aliambulia pedali zake mbili.

Siku tatu baadaye Mheshimiwa aliniita nipime kava la hiyo amplifaya. Alitaka jina la bendi lidariziwe kwa uzi wa dhahabu. Niliikuta inanguruma kiasi kwamba mwimbaji alikuwa anapaza sauti juu yake. Niliwaeleza kinachofanya hivyo mara nyingi: amplifaya imechomekwa kwenye soketi ya ukuta huu na miksa, ile mashine inayokusanya sauti za maiki na vyombo, kwenye soketi ya ukuta ule. Wavichomeke vyote sehemu moja. Na kama bado inanguruma, kuna kiboksi kidogo kinachowekwa kati ya besi na miksa, kinamaliza kazi. Mheshimiwa aliuliza hicho kiboksi kinakaa wapi jukwaani. Nikasema kinakaa chini, miguuni. Akasema hawezi kununua kitu ambacho hakionekani. Nilichukua vipimo vyangu nikaondoka.

Wiki iliyofuata Kimya aliniambia nyumbani kwamba mngurumo umeisha, fundi mitambo wa bendi amerekebisha. Nilifurahi. Nilidhani wamehamisha soketi.

Mnamo tarehe ishirini mwezi huu, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, nilikwenda kulijaribisha kava. Chumba kilikuwa kimetoka kupigwa deki na sakafu ya saruji ilikuwa bado mbichi. Walikuwepo Mheshimiwa, fundi mitambo, mpiga ngoma, waimbaji wawili na Kimya. Nilipiga magoti nyuma ya amplifaya, pini mdomoni, nikawa napima pindo.

Nilimsikia Mheshimiwa akitangaza kwamba siku hiyo Kimya anapewa maiki, ataanza kuitikia, kwa hiyo lazima abatizwe. Wale wengine walishangilia. Ubatizo wao ni huu: mgeni anavua viatu, analowesha midomo kwa maji, anashika nyuzi za besi kwa mkono mzima, halafu anaibusu maiki. Inamuuma midomo, anaruka, wanacheka, yamekwisha. Waimbaji wote wawili walikuwa wameshafanyiwa. Mmoja alivimba mdomo na wanamwita Bata mpaka leo.

Sikujua kwamba kinachouma ni umeme. Niliona watu wazima wanacheza mchezo wa kitoto, nikaendelea na pindo langu. Kimya alinitazama kwa juu ya amplifaya, akapandisha nyusi, ndivyo anavyofanya akitaka kuniambia kwamba hawa jamaa ni wajinga lakini ndio waliomwajiri. Akavua viatu. Akashika nyuzi. Akabusu.

Hakuruka. Alibaki pale pale. Shingo ilinyooka, mkono wa kushoto ukakaza kwenye nyuzi, na spika ikatoa sauti moja ndefu. Walicheka. Mheshimiwa alipiga makofi akasema, “Huyu anajua kuigiza.” Mpiga ngoma alikuwa anarekodi kwa simu. Mimi nilikuwa chini, kwa hiyo nilichokuwa naona ni miguu. Vidole vya miguu ya mwanangu vilikuwa vimejikunja vyote kwa ndani, na hakuna mtu anayeigiza kwa vidole vya miguu.

Niliuvuta waya wa amplifaya ukutani kwa mikono miwili mpaka plagi ikachomoka. Kimya akaanguka juu ya gitaa. Naomba iandikwe kwamba kicheko kiliendelea baada ya yeye kuanguka. Hakikuwa kirefu, lakini kiliendelea, na nilikisikia.

Plagi ilibaki mkononi mwangu. Ilikuwa imezungushiwa mkanda mweusi, na mkanda ulikuwa umeachia. Ndani niliona waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, umekatwa na kukunjwa pembeni. Kwa wasiojua: kazi ya waya huo ni moja tu. Umeme ukivuja kwenye bati la mashine, unapitia humo kwenda ardhini badala ya kupita kwa mtu. Ukiukata, mngurumo unakwisha, ni kweli, sauti inakuwa safi kabisa. Halafu bati la mashine, nyuzi za besi na anayezishika wote wanakuwa kitu kimoja, wanangoja mtu aguse maiki, ambayo kupitia miksa bado imeunganishwa na ardhi.

Nilimlaza Kimya chali nikaanza kumbonyeza kifua kama tulivyofundishwa zamani nilipokuwa nafanya kazi kiwandani. Mwimbaji wanaomwita Bata alikimbia chini kwa watu wa magodoro kutafuta gari. Mheshimiwa alikuja akachuchumaa upande wa pili. Nilidhani anakuja kunisaidia. Alipenyeza mkono chini ya mgongo wa mtoto, akalivuta gitaa, akaligeuza kwenye mwanga kuangalia kama shingo yake imepasuka. Ya gitaa. Kisha akamwambia fundi mitambo kwa sauti ya chini, “Ile plagi ifunge vizuri kabla watu hawajajaa. Tutasema ni jasho.”

Nimefanya kazi na wanamuziki miaka mingi. Nimeona walevi, nimeona wezi wa nyimbo. Kinyaa nilichokisikia pale sijawahi kukisikia kwa binadamu, na mikono yangu ilikuwa kifuani kwa mtoto, sikuweza hata kumpiga kofi.

Kimya alianza kupumua kabla gari halijafika. Amelazwa mpaka sasa. Mdomo umeshonwa. Mkono wa kushoto umeungua kwenye vidole, na viwili havikunji. Daktari anasema tusubiri. Mara moja nilimkuta Kimya anajaribu vidole juu ya shuka, kimoja kimoja, kama anatafuta noti, na aliponiona akauficha mkono.

Fundi mitambo alikuja hospitali Ijumaa jioni. Alilia kwenye korido. Aliniambia kwamba waya aliukata yeye kwa koleo, kwa amri ya Mheshimiwa, na kwamba alimwonya kuwa ni hatari. Mheshimiwa alimjibu kwamba hatari ni bendi kuchekwa. Ule ubatizo ulianza baada ya hapo, waimbaji walipogundua kwamba maiki inauma. Yaani walipewa onyo wakaligeuza mchezo. Nilimuuliza kama yuko tayari kuja kusema haya kituoni. Akasema ana watoto. Nikamwambia, hata mimi ninaye mmoja, yuko nyuma ya mlango huu.

Jumapili alikuja Mheshimiwa mwenyewe, amevaa miwani myeusi ndani ya wodi. Alisimama pembeni ya kitanda, akanyoosha simu, akajirekodi akiwaambia mashabiki kwamba ndugu yao ameteleza mazoezini, wamwombee. Kimya aligeuza uso akatazama ukuta. Tukiwa tunatoka mlangoni, Mheshimiwa aliniuliza kava litakuwa tayari lini, kwa sababu wana onyesho. Nilikwenda kwenye sinki la wauguzi nikatapika. Sisemi kwa mfano. Muuguzi aliyenipa maji anaweza kuulizwa.

Leo tarehe ishirini na tano, siku ya Jumanne, majira ya saa sita mchana, nilikuwa napita mbele ya ghala la magodoro nikitokea kununua dawa. Nilisikia mazoezi juu. Nilisimama, nikalipa ghala mgongo, kama ninavyofanya dukani. Besi ilikuwa ile ile, ile amplifaya ya matope naijua. Haikuwa na mngurumo hata chembe. Hakuna kiboksi walichonunua, maana nilipanda mpaka kwenye ngazi nikachungulia: amplifaya iko soketi ya ukuta huu, miksa ya ukuta ule, na plagi ina mkanda mweusi mpya. Wamefunga vizuri, kama walivyoambiwa.

Aliyekuwa anapiga ni mpiga besi mpya. Sijui anaitwaje. Ni mwanamke, mdogo kuliko Kimya. Nilimwita kutoka ngazini nimweleze, Mheshimiwa akafunga mlango na kusema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba mimi ni mama mwenye uchungu na wanisamehe. Kupitia mlangoni nilimsikia mpiga ngoma akimuuliza yule binti kama anajua kuimba, maana saa tisa watampa maiki.

Niligonga, hawakufungua. Nikaja hapa mbio.

Afisa, sasa hivi ni saa nane kasoro dakika kumi kwa saa ya ukuta wako. Umeniambia nisomewe maelezo yangu kisha nisaini, ndipo jalada lipande kwa mkuu wa kituo, ndipo askari wapangwe. Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo na sina la kuongeza. Lakini sisaini. Kalamu nitaishika hao askari wakishatoka nje ya geti hili.

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Shahidi alikataa kusaini kama ilivyoelezwa. Baada ya kushauriana kwa mdomo na mkuu wa kituo, askari wawili wakiongozwa na sajini waliondoka saa nane na dakika tano mchana. Shahidi alibaki amesimama, alikataa kiti.

Saa nane na dakika arobaini sajini alipiga simu kutoka eneo la tukio. Mazoezi yalikuwa yamekatishwa na shughuli ya maiki ilikuwa imeletwa mbele, kwa maelezo ya kiongozi wa bendi kwamba yule mama angeweza kurudi na fujo. Amplifaya ilikutwa imewashwa. Plagi ilifunguliwa mbele ya mashahidi na waya wa ardhini ulikutwa umekatwa. Vyombo vimezuiliwa kama vielelezo, na kiongozi wa bendi na fundi mitambo wanaletwa kituoni.

Shahidi aliuliza swali moja tu: yule binti alikutwa amevaa viatu au la.

Nilimuuliza sajini. Alijibu kwamba alimkuta peku, midomo imeshaloweshwa, mkono mmoja kwenye nyuzi, na kwamba alimdaka bega kwa nyuma akiwa anaiinamia maiki.

Nilimweleza shahidi jibu hilo. Aliketi, akaomba kalamu, akasaini.

Saini ya shahidi: (imewekwa)
Saini ya afisa: (imewekwa)