Maswali Niliyomuuliza Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za Baba pia, ingawa hajanituma. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kikohozi cha yule mtundu wako kimepoa. Mimi mzima wa mwili.

Kila ukiuliza hali ya Baba nakujibu hajambo. Dada, ni hajambo ya kusalimiana tu. Tangu tumzike Mama, anakaa kwenye cherehani na kuikanyaga bila uzi wala kitambaa. Muuza mkaa alimtania kwamba sasa fundi anashona upepo, naye akajibu kuwa upepo angalau haulalamikii vipimo. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Kazi yangu unaijua: nabisha hodi nyumba kwa nyumba, nawasikiliza waliolemewa na huzuni, na anayehitaji matibabu namsindikiza kliniki. Ila kwa kanuni zetu, mtu hamhudumii ndugu yake mwenyewe, anakwenda mfanyakazi mwenzake. Basi mwenzangu alikwenda kwa Baba. Akakaribishwa, akasifiwa gauni lake, akaambiwa hapa hakuna mgonjwa.

Nikajiona mimi nitaweza. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilivaa kizibao cha kazi, nikabisha mlango wa nyumba niliyozaliwa, nikamuuliza maswali yetu yote kwa mpangilio: usingizi, chakula, kama kuna wakati anaona heri asingekuwepo. Na nilitumia ile sauti ya kazini, Dada. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba daktari amsamehe, yeye atamsubiri binti yake arudi, huyo ndiye atakayemjibu.

Nilivua kizibao palepale mbele yake. Hakunitazama tena.

Jana alimwita mwenzangu, akamruhusu kutuambia haya: jibu la swali lile la mwisho ni ndiyo. Kliniki atakwenda, lakini asindikizwe na wewe, si mimi. Alisema mimi nimeshabeba wagonjwa wa mtaa mzima, na kwangu angependa abaki kuwa baba.

Hatumwachi peke yake hata kidogo. Mwenzangu analala sebuleni, mimi chumba cha pili.

Njoo, Dada. Ukifika usimuulize chochote. Kaa naye tu, kama binti aliyekuja kwao.

Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Utakapofika nitakuwa jikoni. Usiniite; nitatoka mkishaondoka kwenda kliniki.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku